Mwalimu Zahara Abubakar na Sentensi za Kweli

Tarehe 31 Mei, Mwalimu Zahara Abubakar anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka ishirini na tisa katika chuo chetu cha jioni hapa Nakawa. Alianza na darasa la wachuuzi wa sokoni, na hakuwahi kuomba darasa jingine.

Somo lililompa jina ni lile linalowatoa jasho wanafunzi kila muhula: vitenzi vya jambo lililoanza zamani na bado linaendelea. "I have been selling", nimekuwa nikiuza. Zahara alifunga uzi mlangoni, akautembeza hadi mkononi mwake. Mlangoni ndipo jambo lilipoanzia, alieleza, na mradi uzi uko mkononi, halijaisha. Kwa "had been" aliukata uzi kwa mkasi: jambo liliendelea hadi jingine lilipolikatiza. Kwa "will have been" alimpa ncha mtu wa kiti cha nyuma kabisa: uzi ukifika kwako, jambo litakuwa limeendelea kwa muda gani?

Vitabu vilitoa mifano ya theluji. Alivifungia kabatini, akaagiza kila mtu alete sentensi ya kweli ya maisha yake. Fundi Wandera alisema amekuwa akitengeneza gari la mkuu wa chuo tangu Pasaka. Tulicheka sana, mkuu mwenyewe akiwa wa kwanza.

Linalofuata Zahara ameniomba nisiliruke.

Miaka minne iliyopita, Nafuna, muuza mitumba, alisimama akasema kwa Kiingereza safi kwamba mumewe amekuwa akimpiga tangu mtoto wao azaliwe. Sentensi haikuwa na kosa hata moja. Zahara akamsifu, darasa likapiga makofi, akaitwa mwanafunzi mwingine. Nafuna akakaa, akitabasamu kwa zile sifa. Wiki iliyofuata tulimzika. Mumewe yuko gerezani.

Mkuu wetu, Bwana Odoch, alishauri turudie mifano ya vitabuni. Zahara alikataa katakata. Alisema kuuliza hakukuwa kosa. Kosa lake lilikuwa kusikia sarufi peke yake. Tangu hapo haendi nyumbani kabla hajakaa na kila aliyetoa sentensi inayouma. Amewapeleka watu zahanati, kwa mashehe, kwa wachungaji, kwa wenye nyumba wakali. Siku moja nilimsindikiza yeye na mama mmoja wa darasa lake kituo cha polisi. Askari alimuuliza yeye ni nani wa yule mama hata ang'ang'anie hivyo. Akajibu kwamba ni mwalimu wake wa Kiingereza, akavuta benchi, akakaa mpaka taarifa ikaandikwa. Si wote waliookoka. Wapo waliorudi walikotoka, na habari zao hatuna.

Darasa lake nalipokea mimi, Cleopas Makokha, na ninaogopa. Sarufi naijua. Hayo ya baada ya somo, sijui kama nina kifua cha kuyabeba.

Mwalimu, asante. Wastaafu huambiwa wakapumzike, lakini sisi tunajua anayekungoja nyumbani Kisugu: Moreen, mtoto wa Nafuna, uliyemchukua baada ya mazishi. Mwaka huu ameanza darasa la kwanza, na anakuita bibi. Tunakutakia afya na umri wa kumlea. Na siku atakapokuuliza mama yake alikufaje, Mwenyezi Mungu akupe la kumwambia.