Simu Iliyolia Njia Nzima

Simu ya fundi cherehani ililia tena ndani ya basi. Alikuwa ametoka kazini mbio, mkanda wa kupimia ungali shingoni, na anayepiga alikuwa dada yake, aliyekuwa akimuuguza mama yao hospitalini. Akaikandamiza simu mapajani.

“Pokea, mjukuu wangu, umetutoboa masikio,” alisema bibi muuza mboga aliyeketi kando yake.

“Naogopa, bibi. Nisipopokea, mama bado yu hai.”

“Na je, kama yu hai na anataka kukusikia sasa hivi?”

Abiria waliojifanya wamelala wakafumbua macho. Fundi hakuwa amelifikiria hilo.

Basi likasimama kwenye lango la hospitali. Akapokea. Upande wa pili mtu alikuwa akipumua, na fundi hakujua kama ni dada yake au mama.