Mashine Zizimwe, Mama Ghati Anaongea

Ijumaa tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na moja kwenye kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bunda, Mama Ghati Makongoro, msimamizi wa zamu ya asubuhi, anastaafu. Nimeombwa niandike kwa upole. Nitajaribu, ila mimi ni fundi wa mashine zilezile, na upole wetu sisi unasikika mpaka stendi.

Alikuja akiwa binti kutoka Butiama, sauti nyororo, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Humu ndani mashine zinanguruma, na mtu asipopaza sauti huambulii neno. Basi akapaza kama sisi sote. Shida ni kwamba ukitoka getini, ile sauti unatoka nayo. Mke wangu mpaka leo ananiuliza kwa nini namgombeza, kumbe nimeomba chumvi tu.

Mwenzangu yalimkuta makubwa zaidi. Kwenye msiba mmoja kwao Butiama, katekista akiwa katikati ya sala, Mama Ghati alimuuliza jirani yake kwa kunong'ona kama nyama imeiva. Yeye alijua amenong'ona! Waombolezaji wote wakageuka, na wapishi kule nyuma wakajibu bado kidogo. Tulimcheka mwaka mzima, na yeye akijicheka.

Halafu kicheko kikaisha. Sauti ikaanza kukwaruza, noti za juu zikamkimbia, akaacha kwaya. Daktari kule Musoma akamwambia nyuzi za sauti zimeota vinundu, na akiendelea kupiga kelele hivyo, sauti ataipoteza kabisa. Jamani, mwimbaji aambiwe hivyo! Siku hiyo alilia, na mimi nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Akaomba mashine zisimamishwe dakika chache wakati wa kukabidhiana zamu, ili watu waelezane kazi kibinadamu. Meneja wa wakati huo (wa sasa asinune) akasema msimu wa pamba haumsubiri mtu, na asiyestahimili kelele akatafute kazi maktaba. Maktaba!

Mama Ghati hakubishana. Kesho yake, saa ya makabidhiano, alitoka nje akasimama nyuma ya mzani wa malori, mikono kiunoni. Zamu ya mchana ikamfuata hukohuko, maana bila maelezo yake hakuna anayejua mashine ipi inasumbua. Zamu ya asubuhi nayo ikatoka. Mashine haziachwi bila mtu, kwa hiyo nilizizima kwa mkono wangu huu, na sijutii. Meneja akaja mbio anafoka. Mama Ghati akamjibu kwa sauti ndogo mpaka mzee wa watu akalazimika kuinama ili asikie: "Kazi siachi, na kelele sipigi tena. Tulikuwaga tunaongea kama tunagombana. Sasa basi."

Tangu siku hiyo kila zamu ikibadilika, mashine zinanyamaza. Makabidhiano yanaeleweka, ajali zimepungua, na vijana wanaoanza kazi leo wanarudi nyumbani na sauti zao. Mama Ghati alirudi kwaya, safari hii sauti ya pili, na anaringa nayo kweli.

Sasa nasikia minong'ono ofisini, maana hata ninyi wa ofisini hamjui kunong'ona, kwamba akiondoka yeye, na ule ukimya ustaafu. Thubutu! Hauendi popote.

Mama Ghati, asante kwa ukaidi wako. Ijumaa hatuleti spika wala MC. Nitazima mashine, utasimama palepale nyuma ya mzani, utatuaga kwa sauti yako mwenyewe, na ukitaka kuimba, imba. Nenda Butiama ukaishi kwa raha na afya, uimbe mpaka wajukuu wakuombe upumzike.

Na Jumatatu, zamu ikibadilika, nitazizima tena.

Renatus Kwangu, fundi mitambo