Pini ya Bibi na Jino la Itzel

EUFEMIA: Haloo! Nani huyo anayenipigia na mikono yangu imejaa pilipili?

MARICRUZ: Mimi mama, Maricruz. Umeamkaje?

EUFEMIA: Nimeamka na kikohozi. Nakaanga pilipili za mchuzi wa mole, nyumba nzima inapiga chafya. Vipi mjukuu wangu? Wameshampasua? Alilia?

MARICRUZ: Bado. Tuko hapa kliniki, Puebla. Mama, nakuuliza kitu na usinizungushe. Umemshonea nini Itzel kwenye kola?

EUFEMIA: Haloo? Haloo? Mtandao huku Atlixco —

MARICRUZ: Mama, nakusikia unavyopumua.

EUFEMIA: Pini tu. Ndogo.

MARICRUZ: Ndogo? Kwenye eksirei imetokea kama koleo! Nesi amepiga yowe, akadhani mtoto ameimeza. Wamemchungulia koo, wamemminya tumbo, mwenyewe kakaa kimya anawatazama tu!

EUFEMIA: Msichana ana siri, huyo. Damu yangu.

MARICRUZ: Usicheke!

EUFEMIA: Sicheki, ni kikohozi. Sasa si mmeshaiona? Endeleeni na kazi.

MARICRUZ: Wataendeleaje? Ile picha kubwa, inayozunguka kichwa chote, imeharibika. Lazima ipigwe upya, na daktari hashiki kisu bila hiyo. Na Itzel ameishika kola kwa mikono miwili, haachii. Eti bibi amesema akivua pini tu, mwezi unakuja kumalizia na meno mengine.

EUFEMIA: Sikusema meno mengine. Nilisema... kwa jumla.

MARICRUZ: Kwa jumla!

EUFEMIA: Sasa ulitaka nimwambie nini? Nani alitoka nje na mimba yake siku mwezi umepatwa? Mimi? Nilikununulia chupi nyekundu, nikakuwekea na pini juu yake, nikakwambia ivae, mwezi usimguse mtoto. Ukaiacha kitandani. Ukaenda kusimama barazani umeinua kichwa unashangaa. Mwezi ukala jino. Ndivyo ilivyo. Wenzio wote —

MARICRUZ: Mama, jino lipo.

EUFEMIA: — walivaa, hata binamu yako Chayo ambaye hajawahi kusikia la mtu — lipo wapi?

MARICRUZ: Lipo. Picha ile ndogo ya mbele imetoka safi, nimeliona kwa macho yangu. Zima, kubwa, limelala huko juu karibu na pua. Halikuliwa na mtu. Limezibiwa njia.

EUFEMIA: Limezibiwa na nani?

MARICRUZ: Kuna kijino kingine cha ziada, kidogo kimechongoka, kimekaa katikati. Hicho ndicho kinachong'olewa leo. Halafu daktari anafungua ufizi kidogo, kwa ganzi, anabandika kimnyororo kwenye lile jino kubwa, kisha vyuma vya meno vinalivuta taratibu mpaka lishuke. Ni kazi ya miezi, si ya leo wala kesho.

EUFEMIA: Mnyororo? Mnamfunga mjukuu wangu mnyororo mdomoni? Ni mbuzi?

MARICRUZ: Wa dhahabu, mama. Mwembamba mno.

EUFEMIA: Dhahabu ya kweli au ya kupaka?

MARICRUZ: Sijauliza!

EUFEMIA: Uliza. [mkwaruzo wa mwiko kikaangoni] ...kwa hiyo mwezi haukula, umeongeza. Una jeuri, mwezi huo.

MARICRUZ: Mama, nisikilize, vocha yangu haina muda. Daktari huyu wa upasuaji huja hapa mara chache, na anaondoka mchana. Jino likizidi kukaa huko juu laweza kushikana na mfupa, likagoma kuvutwa kabisa. Ongea na Itzel. Mimi hanisikilizi.

EUFEMIA: Wewe si mama yake?

MARICRUZ: Mama yake aliyemtoa kwa mwezi akaliwa jino! Atanisikilizaje? Miaka miwili, mama. Tangu jino mwenzake lilipoota na hili likakataa. Kila ukimtazama mdomo unanigeukia mimi. Krismasi ulilisema mbele ya mashangazi wote. Nimefika mahali naamini. Nampigisha mswaki, nauona ule mwanya, natoka nje nalia.

EUFEMIA: Hukuniambia kama unalia.

MARICRUZ: Ningekwambia nini?

EUFEMIA: [kikohozi] Mpe mtoto simu. Na wewe sogea huko, haya ni ya watu wawili.

MARICRUZ: Itzel. Bibi huyu. Shika vizuri. [mlio mdogo wa kitufe]

ITZEL: Bibi, wanaitaka pini yangu.

EUFEMIA: Wape, roho yangu.

ITZEL: Na mwezi ukija?

EUFEMIA: Mchana kweupe hivi, utokee wapi? Na jino lako lipo, limeonekana, linangoja kufunguliwa mlango. Utakuwa na dhahabu mdomoni, watoto wa shule nzima watakuonea gere. Vua, mpe nesi.

ITZEL: Lakini ulisema mama alitoka nje, ndiyo maana.

EUFEMIA: Nilisema.

ITZEL: Sasa?

EUFEMIA: Sasa bibi yako ana mdomo mrefu, ndiyo hivyo. Nisikilize, Itzel. Mama yako hakukukosea kitu. Alikubeba vizuri, akakuzaa mzima, kila kitu mahali pake, isipokuwa kijino kimoja mbishi kilichokaa njiani. Umenielewa? Ila usimwambie nimesema hivyo. Atavimba kichwa.

ITZEL: Bibi...

EUFEMIA: Nini tena?

ITZEL: Mama analia.

EUFEMIA: Analia nini? Amejuaje —

MARICRUZ: Nimeweka spika, mama.

EUFEMIA: Spika! Mtu mzima hovyo! Nani kakuruhusu —

MARICRUZ: Ameshaivua. Anaenda na nesi, ona, hata hajageuka nyuma. Mama, rudia ulichosema.

EUFEMIA: Sirudii. Mimi si redio.

MARICRUZ: Niambie mimi. Mara moja tu. Vocha inakati —

EUFEMIA: Unanisumbua na uzee huu. Umeshasikia, yatosha. [mkwaruzo] Hukukosea, Maricruz. Haya! Umefurahi? [mlio wa simu iliyokatika] Maricruz? Haloo? Nimesema hukukosea, mwanangu! Haloo?