Dada Yetu Cherehani na Kibodi Aliyojiundia

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari, na mwaka 1981 akamaliza chuo cha uhazili. Mwaka uliofuata aliajiriwa ofisi ya maji, chumba namba sita. Alipiga chapa kwa kasi mpaka wenzake wakamwita Cherehani, na jina likamganda.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na dereva wa ofisi hiyohiyo. Shemeji yetu alikuwa amerudisha barua moja mara tatu akidai ina makosa. Mara ya nne Cherehani alimwambia aseme alichokuja kusema, kwa sababu karatasi zinakwisha.

Mwaka 2011 mikono ilianza kufa ganzi. Akawa anaangusha vikombe. Daktari alisema mishipa ya viganja imebanwa, na asipobadili namna ya kufanya kazi atashindwa hata kufunga kifungo. Mkuu wa ofisi akataka kumhamishia mapokezi. Yeye aliona ni kufukuzwa kwa adabu. Aliomba miezi sita.

Kwanza alichukua ukurasa wa barua akahesabu herufi kwa penseli. A ilizishinda zote kwa mbali, na kwenye kibodi ya dukani A iko chini ya kidole cha mwisho. Akasema, "Mzigo wote kabebeshwa mtoto mdogo, na kidole gumba kimekaa kama mgeni." Akaamua kujiundia kibodi ya vipande viwili, kila mkono na chake, mabega yakae wazi na A igongwe kwa gumba. Fundi redio wa mtaani alimfundisha kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha. Aliungua vidole, akaharibu vitufe kumi na viwili, hakuacha.

Mbao alichonga mdogo wake seremala, ndiye anayewasomea haya. Alichora mkono wa kushoto kwenye kadibodi, akasahau kuigeuza, akapeleka vipande viwili vya kushoto, vimepigwa msasa na vanishi. Cherehani alivitazama, akajitazama mikono. "Mdogo wangu, umenijua miaka yote hii, hukuwahi kunihesabu mikono?" Aliahidi kutomwambia mtu. Hapa hakuna asiyekijua kisa hicho.

Miezi sita ilipotimia, kibodi ikiwa tayari na kipande cha kulia kimechongwa upya, mkuu wa ofisi alimsomea barua kwa nusu saa nzima, naye akazipiga. Kisha akatafuta makosa. Alipata moja, na lilikuwa la kwake mwenyewe. Akaomba naye ajaribu, akaandika jina lake, likatoka neno lisilosomeka. Akasema, "Mama, hii si kibodi, hii ni kufuli." Hakutaja mapokezi tena. Ganzi ilipungua polepole, na dada alikaa chumba namba sita miaka tisa zaidi, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2021.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa, akapata nafuu, akaugua tena. Hata wodini aliwauliza wauguzi wanakaaje wanapoandika, akawarekebishia viti. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, binti, mwana wa kiume, wajukuu wanne na mdogo wake mmoja. Kibodi amemwachia binti yake, kwa sharti kwamba isiwekwe kwenye kabati la vioo. Itumike. Ukurasa huu mlionao mkononi binti ameupiga kwa kibodi hiyo, na umemchukua siku mbili. Mkiona kosa mtuwie radhi, vidole vyake bado vinatafuta njia.

Mungu ampokee dada yetu na ampe pumziko jema.