Vidole Vyangu na Lori ya Nyama

Assalamu aleikum warahmatullah. Aa-aa, jibuni kwa nguvu bana. Mimi siumi. Na hata nikitaka kuwashika, nitawashika na nini?

Pale mlangoni nimeona watu wakininyooshea mkono, halafu wakaona, wakarudisha haraka kama wamegusa sufuria ya moto. Msione haya, nimezoea. Mimi nasalimia na kiwiko. Mkono wa kulia umebaki na kidole gumba peke yake, anakaa pale kama mzee ameachwa nyumbani watoto wote wameenda mjini. Wa kushoto una vitatu.

Mama mwenyekiti ameniambia, "Ongea, lakini usicheze sana, hapa kuna wazee." Sawa hooyo. Nitajaribu. Shule niliacha darasa la saba, kwa hivyo Kiswahili changu kikivunjika, okoteni vipande mnipatie nikimaliza.

Swali la kwanza kila mtu ananiuliza: ni moto ama ni panga? Nawaambia ni baridi. Wanacheka. Baridi? Garissa hii? Hapa mbuzi anatafuta kivuli cha mbuzi mwenzake, wewe upate baridi ya kukata vidole? Ndugu zangu, nawaambia ni baridi. Kaeni.

Nyinyi wote kwa hiki kikundi mnajua ugonjwa wetu. Mimi ni mtoto wa Bura. Nikiwa mdogo ukame ulimaliza wanyama wetu wote, hata yule punda. Hooyo, mama yangu, akanishika mkono, tukatembea mpaka kambi ya wakimbizi. Pale akaweka vidole vyangu kwa mashine ya kuandikisha wakimbizi, akapewa mchele, unga na mafuta. Tukakula. Mvua ikarudi, tukarudi nyumbani. Kumbe ile mashine haisahau. Nimekuwa mtu mzima, nimeenda kuomba kitambulisho, naambiwa, "Wewe ni mkimbizi." Mimi? Nimekimbia nchi gani? Nimekimbia njaa tu, na sikufika mbali!

Mimi nilikuwa nafanya mzaha na hiyo kitu. Hooyo hakuwa anacheka. Kila nikirudi kutoka ofisi bila kitu, alikuwa anashika vidole vyangu, anaviangalia, anasema, "Mwanangu, ni mimi nilikuuza kwa unga." Namwambia, "Hooyo wacha, na mchele pia ulikuwepo." Bado hacheki.

Basi akawa mgonjwa. Kitu ndani ya tumbo. Hapa hospitali wakasema apelekwe Nairobi apasuliwe. Abti yangu, ndugu yake hooyo, ndiye alienda na yeye. Mimi nilijaribu basi. Nikashushwa pale kizuizi cha polisi, kwa sababu sina kitambulisho. Nikajaribu tena, nikashushwa tena, mpaka makonda wakawa wananiambia, "Wewe kaa karibu na mlango, usisumbue watu ukishuka."

Halafu hooyo akanipigia simu, sauti imekuwa nyembamba kama uzi. Akasema, "Njoo nikuone kabla hawajanifungua." Ni hiyo tu. Mtu mwingine ningemdanganya. Mama yako utamdanganya aje?

Mtaani kwetu kuna dereva mmoja, anabeba nyama ya ngamia iliyogandishwa, anapeleka Nairobi kwa lori ya friji. Nikamwendea.

"Nibebe nyuma."

"Nyuma wapi? Ile ni friji, si kiti."

"Zima mashine. Tukivuka daraja na kizuizi, unasimama, natoka, nakuja mbele. Ni kidogo tu."

"Walaal, ndugu yangu, pale ndani hata ngamia alikataa kuingia akiwa hai."

"Hooyo wangu ananiita."

Akapangusa uso. Akasema, "Hooyo wako alinilisha mimi nikiwa sina mtu. Ingia. Lakini Mungu anaona vile naogopa."

Tulitoka baada ya adhuhuri. Sasa sikieni hapa vizuri. Nilikuwa nimetawadha, nimeswali haraka, nikatawadha tena niwe msafi kwa safari. Maji bado yanatiririka mikononi. Nimevaa tisheti, kikoi na ndala. Nje jua linachoma mpaka lami inalainika. Nikaingia katikati ya zile nyama, mlango ukafungwa nyuma yangu. Na wallahi, nilisikia raha! Nilisema, kumbe pepo iko hapa, sisi tunahangaika nje kwa nini?

Hii nyingine nilikuja kuambiwa na dereva baadaye. Kizuizini hawakufungua lori. Lakini kulikuwa na afisa amemaliza zamu, anataka lifti mpaka Mwingi. Dereva atakataa aje? Akapanda mbele, pale kwa kiti changu. Hawajaenda mbali, akauliza, "Mbona mashine ya friji imenyamaza?"

"Inasumbua, afande."

"Nyama ya watu itaoza na hili jua. Jaribu tena."

"Hii haiwaki, afande."

"Jaribu tu."

Ile mashine, ndugu zangu, siku zote inawashwa na kubembelezwa. Siku hiyo iligutuka mara moja kama imeitwa kula.

Na msimchukie yule afisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaonea nyama huruma. Hakujua nyingine bado inapumua.

Mimi nyuma nikasikia feni juu ya kichwa, vuuu. Upepo ukaanza. Lori inayumba, sakafu ina barafu, ndala zinateleza. Nikashika bomba la chuma la kutundika nyama. Na mikono yangu ilikuwa na maji ya udhu. Ikanata. Nilipovuta mkono, ngozi ilibaki pale.

Niligonga. Niligonga ukuta kwa ngumi, kwa kisigino. Ukuta ule ni mnene. Halafu nikasikia kwa mbali watu wawili wanaongea mbele, na mmoja anacheka, na kicheko si cha dereva. Nikaelewa kuna mtu. Nikajiambia: nikigonga tena wanafungua, mimi narudishwa, dereva anafungwa, na hooyo ananingoja.

Nikaacha kugonga. Ni mimi mwenyewe niliacha.

Mwanzo ilikuwa uchungu, kama mtu anapitisha miba ya mgunga chini ya kucha. Nilitetemeka mpaka meno yanagongana kama kengele ya ngamia. Halafu vidole vikawa vyeupe, vyeupe kama nta, nikivigonganisha vinalia ko, ko, kama mbao. Halafu uchungu ukaisha. Nikasema alhamdulillah, imeisha. Kumbe uchungu ukiisha ndio mambo yameharibika. Na kutetemeka pia kukaisha. Nikasikia joto, nikataka kuvua tisheti! Usingizi mtamu ukaja, nikamuona hooyo anasonga ugali, ananiita. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo njia ya kifo. Hakiji na panga. Kinakuja kama mama anakuita chakula.

Mwingi yule afisa akashuka, akashukuru, akaenda zake. Dereva akaendesha kidogo tu nje ya mji, akafungua. Alipiga kelele kama mwanamke. Akanibeba mpaka kibanda cha chai kando ya barabara. Analia, "Walaal, sema kitu! Fanya mzaha!" Mimi ulimi ni mzito, lakini nikasema, "Jiko."

Hapa ndipo tulikosea, na ni kosa la sisi watu wa ngamia. Kwetu moto ni dawa. Mtoto akiwa na tumbo, anachomwa. Ngamia akichechemea, anachomwa. Mimi mwenyewe nina alama tumboni za marehemu babu. Tunasema ugonjwa na moto havikai nyumba moja. Basi dereva akasugua vidole vyangu kwa nguvu zake zote, halafu tukaviweka juu ya makaa. Mimi ndiye niliyemwambia, "Karibu zaidi. Karibu zaidi." Sikuwa nasikia kitu.

Nikasikia harufu. Nikauliza, "Nani anachoma nyama?"

Dereva akaangalia chini. Akaanza kulia upya.

Pale hospitali ya Mwingi daktari hakutugombeza. Ningependa agombeze. Alisema tu polepole kwamba nyama ya vidole ilikuwa imeganda, kama ile ya lori, na nyama iliyoganda haisikii moto, inaungua kimya. Akasema ingekuwa maji ya vuguvugu, yale unaweza kumwogesha mtoto mchanga, na blanketi, na mtu asisugue, pengine vingine vingepona. Vingine vingapi? Sikuuliza. Mpaka leo sijauliza.

Vikawa vyeusi. Baadaye vikakauka kama matawi, vikakatwa. Lakini kabla ya hayo yote, abti akapiga simu.

Hooyo alikuwa amefunguliwa, na hakuamka.

Abti aliniambia kwamba mpaka wanamwingiza, alikuwa anauliza neno moja: "Amevuka daraja?" Abti, ambaye dereva alikuwa amempigia simu, anamjibu, "Amevuka." Na si uongo. Nilikuwa nimevuka.

Abti alipita kunichukua, tukamrudisha hooyo Garissa kuzika. Kizuizini askari akaingiza kichwa: "Vitambulisho." Mimi nikainua mikono miwili, bandeji mpaka kwa kiwiko. Akaangalia mikono, akaangalia maiti, akasema, "Pole. Endeni." Njia ile yote iliyonikataa kwenda ikanifungukia kurudi.

Kaburini, mnajua, kila mtu anatia mchanga mara tatu kwa mkono wake. Mimi nimesimama pale, mtoto wake wa pekee, na sina mkono. Abti akaja nyuma yangu. Akachota mchanga, akaweka juu ya bandeji zangu, akashika mikono yangu kutoka chini, akaiinamisha. Mara tatu. Sikusikia uzito wa mchanga. Hicho ndicho nilikosa zaidi.

Samahani. Nipeni maji kidogo. Hapana, weka tu mezani, nitashika na mikono miwili. Ahsante.

Baada ya hapo nilijifungia. Mnajua sisi tunakula pamoja, sinia moja, mkono wa kulia. Wangu umekufa. Nile na wa kushoto kama shetani? Nilishwe kama mtoto? Nikawa nakula peke yangu nyuma ya pazia, kijiko kimefungwa na kitambaa kwa kifundo. Marafiki wakija nawaambia nimelala. Mimi, ambaye nilikuwa naongea mpaka mwadhini ananiambia ninyamaze! Nilinyamaza. Kuna siku niliwaza nirudi tu kwa ile lori, nimalizie ule usingizi. Nawaambia ukweli kwa sababu pengine hapa yuko mtu anawaza hivyo.

Ikaja Ramadhani. Magharibi moja abti akavuta lile pazia mpaka likang'oka. Akasema, "Leo unafuturu na wanaume." Nikasema, "Abti, na mkono gani?" Alinikalisha kwa sinia, kuna mchele na nyama, na marafiki zangu wote wamezunguka, hakuna anayeniangalia. Abti akasema bismillah. Akakunja vidole vinne vya mkono wa kulia, akaacha gumba peke yake, akazamisha ngumi kwa mchele. Mchele ukapanda mpaka kwa ndevu. Wa pili akakunja. Wa tatu akakunja. Sinia nzima ni ngumi! Nyama inaruka, mchele uko kwa macho, mmoja ameangusha kipande kwa kikoi anakitafuta. Rafiki yangu akageuka akanipigia kelele: "Wewe unatuangalia nini? Tufundishe! Hii kitu inafanywa aje?"

Nikaweka mkono wangu. Nikawaonyesha: gumba inasukuma, kiganja kinapokea. Ni mimi peke yangu kwa ile sinia ambaye sikumwaga kitu. Nikacheka. Halafu kicheko kikageuka kikawa kilio, na hakuna aliyesimama, waliendelea tu kula na ngumi mpaka nikamaliza.

Siku hiyo ndiyo nilitoka kwa ile friji.

Sasa niko soko la mifugo. Mnajua madalali wanashikana vidole chini ya kitambaa, bei inapatana kimya. Mimi mtu akinishika, anadhani nimepunguza bei. Kwa hivyo natumia mdomo, na huo Mungu hajaukata.

Namshukuru yule dereva, ambaye mpaka leo hawezi kuniangalia mikono. Mwambieni mimi sina kinyongo na yeye. Namshukuru daktari. Marafiki wa ngumi. Na abti, ambaye alinitilia mchanga.

Na nyinyi vijana mnaongoja kitambulisho kama mimi, msipande hizo lori. Najua kuna mtu amefikiria, nimeona macho yenu. Ukimkuta mtu ameganda, hata kwa chumba cha barafu cha samaki, mtoe, mvue kilicholowa, mfunike, maji ya vuguvugu, hospitali. Usimsugue. Na moto, jamani, kwa hii moja moto si dawa.

Kitambulisho bado. Juzi nimeenda, karani akasema, "Weka vidole hapa." Nikamuuliza, "Una muda wa kungoja viote?" Alicheka, halafu akaomba msamaha. Nitarudi tena.

Lakini kuna kitu nilikuwa napeleka Nairobi siku ile, na sikukifikisha. Nakisema hapa mbele yenu, nyinyi mama zangu, kwa sababu wengi wenu pia mlipeleka vidole vya watoto kwa ile mashine, na mnalala na huo mzigo.

Hooyo, hukuniuza. Ule mchele tulikula. Nilikula na vidole hivyo hivyo, vyote kumi, na nikashiba.