Trifon Mbili za Velichka

Wasikilizaji wapendwa, Velichka Tsankova ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sitini na minane. Velichka, mhariri wa video wa televisheni ya mji wetu wa Sungurlare. Kila harusi, kila mavuno ya zabibu, yalipita mikononi mwake.

Alikuwa mkali. Faili isiyo na jina hakuipokea. Mpigapicha akileta kazi ovyoovyo, alirudishwa nayo kutoka mlangoni. Kila kitu alikihifadhi mara tatu: nakala ya kwanza studio, ya pili kwake, ya tatu kwa dada yake Ginka, stoo, nyuma ya chupa za pilipili hoho.

Lakini hakuanza hivyo. Mwaka 2003 alikuwa akiziita folda kwa majina ya sikukuu tu, kama tunavyohesabu siku sote hapa. Na Mtakatifu Trifon, mlinzi wa mizabibu, tunamsherehekea mara mbili: tarehe mosi Februari kwa kalenda mpya, na tena tarehe kumi na nne kwa ile ya zamani. Diski ilijaa. Velichka akaona folda mbili, zote "Trifon". Akadhani moja ni nakala. Akaifuta.

Ilikuwa ya tarehe kumi na nne. Ndani yake alikuwamo mkulima mmoja, Genadi, akipogoa mizabibu yake. Genadi alifariki Aprili. Mkewe, Bi Kunka, akaja kuomba zile picha. Hakuwa na nyingine za mumewe akitembea na kuongea.

Velichka hakuisingizia mashine. Alikiri. Bi Kunka akamwambia, "Mdogo wangu, umenifutia mume."

Tangu hapo, kila tarehe kumi na nne Februari, Velichka alikwenda kwa Bi Kunka na chupa ya divai. Zile picha alikuwa amezitazama mara moja, zilipoletwa. Basi alimsimulia. Genadi anakata tawi. Anamwagia shina divai. Anavua kofia, anacheka. Akiruka kitu, Bi Kunka alimkatiza: "Umeruka kofia. Rudi nyuma." Miaka ishirini na miwili, wasikilizaji.

Jana nilimpigia simu Bi Kunka. Alisema maneno machache tu: "Kesho mnazika mkanda wangu wa Genadi."

Ginka anasema stoo kuna diski arobaini, kila moja na tarehe kamili. Masimulizi yale hayamo. Kila kitu Velichka alikihifadhi mara tatu. Hayo, mara moja tu, kichwani mwake.

Pole, Ginka. Pole sana, Bi Kunka. Nasi tuliobaki, mwenye mtu anayemsimulia aketi naye leo, amrekodi, na aandike tarehe.