Pikipiki ya Bwana Afya na Unga wa Mama Yakobo

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza haijafika nyuma. Wanaonijua hapa Tumati wanajua mimi si msemaji wa mbele za watu. Nimezoea mteja mmoja mmoja dirishani, nampimia sukari, anaondoka. Lakini nilimwambia Mungu nitasema, na nitasema. Nikilia mtanisubiri.

Mimi ni Mama Rebeka, mwenye kile kiduka cha pale senta. Tulikifungua na mume wangu miaka ile biashara imeruhusiwa kwa kila mtu, duka la ushirika limebaki na rafu tupu na popo. Tulianza na chumvi, kiberiti, sabuni ya mche na mafuta ya taa. Baadaye ikaja sukari, ukaja na unga. Kisha mume wangu akaangukiwa na mkokoteni wa mahindi kwenye mteremko, nyonga ikavunjika. Ng'ombe wote waliishia hospitali. Tangu hapo nyumba nzima ikawa inakula kutoka kwenye kiduka kile: mgonjwa kitandani, watoto, mama mkwe wangu na mimi.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya wakati huo, na mambo yakaanza kukazwa. Zamani ulifungua dirisha ukauza. Sasa leseni ni yake, kibali cha kuuza chakula ni chake, cheti cha kupimwa afya ni chake, na ukiwa na hiki kile kimekwisha muda. Ukuta upakwe rangi nyeupe. Magunia yasiguse sakafu, yakae juu ya chaga za mbao. Mafuta ya taa yasikae na chakula. Panya asionekane, mende asionekane. Jamani, mende wa senta yetu tuliwakuta!

Aliyekuwa anakuja kukagua tulimwita Bwana Afya tu. Kijana mrefu, mkimya, anaingia na tochi hata mchana, anamulika nyuma ya magunia. Pikipiki yake ilikuwa na mlio wa kukohoa. Ikisikika inapanda kutoka bondeni, wa duka la chini anafunga, anayefuata anafunga, pa! pa! pa! Akifika anakuta senta nzima imefungwa kama kuna msiba, watu wamekaa barazani wanamwangalia. Anasalimia, anageuza pikipiki.

Na mimi nilikuwa nafunga. Ndugu zangu, nilikuwa naishi kwa kusikiliza. Tuko kanisani tunaimba, mimi masikio yako barabarani. Nampimia mtu chumvi, mkono unasimama hewani, nasikiliza. Mtu akikohoa nje moyo unaruka. Chakula kilikuwa hakipiti, nguo zikaanza kunining'inia, watu wakauliza kama naumwa. Nikasema ni malaria. Hofu ni ugonjwa, wapendwa, tena hauna kidonge.

Siku moja mvua ilipiga bati kwa nguvu, sikusikia kitu, nikashtukia Bwana Afya yuko mlangoni anajipangusa maji. Akamulika. Akaona kinyesi cha panya, akaona mende wawili wanapanda ukutani bila hata aibu. Akaniambia polepole, "Mama Rebeka, nitarudi. Nikikuta hali ni hii, na cheti cha afya huna, nitafunga duka." Hakupaza sauti. Afadhali angefoka! Mtu akifoka unajua atatulia.

Nikaenda nyumbani nikalia mbele ya wote. Mume wangu akageuza uso ukutani, maana hakuwa na la kufanya. Mama mkwe wangu, Bibi Rebeka, alikuwa amekaa jikoni anasikiliza. Huyu mama ni mchapakazi ajabu, amekulia kwenye mifugo, na maneno yangu yalimwingia. Akasema, "Acha kulia, mwanangu. Wadudu tu hao." Nilidhani ananituliza.

Kesho yake nikaondoka alfajiri kwenda Dongobesh kupimwa afya, nikamwachia yeye duka. Wiki ile mashine ya kusaga pale senta ilikuwa imeharibika, kwa hiyo watu wengi walikuwa wananunua unga dukani. Nilimwambia, "Mama, gunia liko wazi, kopo limo ndani, uza." Nikaenda.

Nilirudi mchana na cheti changu nimekifunga kwenye ncha ya khanga, naimba. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilikuwa naimba! Nikafika mlangoni, wimbo ukakatika. Harufu. Ndugu zangu, nani wa huku kwetu asiyeijua harufu ya josho? Ile ya dawa ya kupe, inayokaa kwenye manyoya ya ng'ombe siku nzima. Ilikuwa inatoka ndani ya duka langu.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama katikati, bomba la kunyunyizia tulilobaki nalo toka enzi za ng'ombe liko mgongoni, ananyunyiza kwa mara ya pili, anacheka kwa furaha. "Njoo uone, mwanangu! Wote wamelala chali!" Kweli, mende walikuwa wamejaa sakafuni. Alikuwa amenyunyiza ukuta wote, rafu zote, chaga, kona zote, na juu. Dawa imefanya ukungu, ukungu umeshuka. Nikaangalia gunia la unga, mdomo umekunjuliwa kama nilivyoliacha. Nikauliza, "Mama, unga?"

"Ulilowa kidogo juu," akasema. "Nikaukoroga, ukakauka. Hauna shida."

Mungu wangu! Nikauliza, "Umeuza?"

"Nimeuza vizuri. Mama Yakobo amechukua debe zima, si leo anapandisha bati?"

Mnajua desturi yetu: mtu akipandisha bati, majirani wote wanakwenda. Wanaume juu, akina mama wanateka maji na kupika, watoto wanazunguka kila mahali, kazi ikiisha watu wote wanakula pamoja. Mama Yakobo ni mjane. Kwa mjane watu wanakwenda wengi zaidi. Na nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, juu kabisa, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Niliona sahani. Haki ya Mungu, niliona sahani zote kwa macho yangu, na watoto wamezizunguka.

Mama mkwe wangu aliona uso wangu, akaelewa. Akaanza kuvua bomba, kamba imemnasa, anaivuta, anasema, "Nilitaka kukusaidia, nilitaka kukusaidia." Mikono yake siisahau.

Na hapo hapo, wapendwa, nikasikia pikipiki. Ile ya kukohoa.

Pa! Duka la chini. Pa! La pili. Mama mkwe wangu akaushika mlango wetu. "Ingia ndani, tufunge! Akikuta hivi tumekwisha!" Alisema kweli. Ukuta umelowa dawa, chakula kimelowa dawa, mende wamejaa chini, na unga umeshauzwa. Si kufungiwa tu, niliona na jela. Niliona mume wangu kitandani na hakuna wa kumpikia. Shetani akaniambia, funga mlango, yeye apite, halafu utakwenda kwa Mama Yakobo kwa miguu. Lakini kwa miguu ni kushuka lile bonde na kupanda. Chakula kitaliwa mimi niko mtoni! Na pale senta siku ile chombo chenye injini kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kinakuja na mtu ninayemwogopa kuliko simba.

Nikasema, "Yesu, nishike." Sikuwa na maombi mengine. Nikatoka, nikasimama katikati ya barabara, mikono juu.

Akafunga breki, vumbi likanifunika. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: dawa, unga, Mama Yakobo, watu. Sikuficha hata nukta. Akashuka, akaingia, akavuta hewa mara moja, akatoka mbio. Hakuniuliza kibali. Hakuniuliza cheti. Alisema, "Panda, mama. Onyesha njia."

Sijawahi kupanda pikipiki kabla ya siku ile. Nilimng'ang'ania kijana wa watu kiunoni kama mtoto, nikafumba macho, na nilikuwa naomba kwa sauti kubwa: "Bwana, zima moto! Bwana, maji yasichemke!" Tulipokaribia juu nikafumbua macho, nikaona bati zote zimeshapigwa, zinang'aa. Hakuna mtu juu ya paa. Ina maana kazi imekwisha, watu wameshuka, wamenawa. Nililia kilio ambacho sikijui kimetoka wapi.

Njia ikawa mawe, pikipiki ikateleza, ikagoma kupanda. Nikaruka, nikakimbia. Kandambili moja ilibaki huko huko. Nikafika uani.

Ndugu zangu! Watu wamekaa kwenye majani, duara kubwa. Ugali umepakuliwa, unatoa moshi. Maziwa ya mgando yamemiminwa. Watoto wameshanawa, vidole viko pembeni ya sinia. Na wote wamefumba macho, kwa sababu Mzee Safari, mzee wa kanisa letu, alikuwa anaombea chakula.

Mnacheka? Chekeni! Mnamjua Mzee Safari. Mnajua akiombea chakula anaanza na uumbaji, anapita Misri, anaombea mvua, anaombea viongozi, anaombea wagonjwa wote kwa majina yao, ugali unapoa, watu wanakohoa ili akumbuke. Mimi mwenyewe nilishamnung'unikia. Siku ile nilipoingia ule uwanja alikuwa ndiyo kwanza anawaombea wasafiri!

Nikapiga kelele, "Msile! Msile! Ugali una sumu!" Mzee akafumbua macho, akanitazama, akasema "Amina" papo hapo. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake. Nikapita nikipindua sahani kwa mikono yangu, watoto wakalia, wanaume wakasimama wakidhani nimerukwa na akili. Bwana Afya akafika anahema, akawaeleza.

Kisha Mama Yakobo akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilionja."

Mpishi gani haonji? Alisema alisikia harufu, akadhani ni mafuta ya taa, maana unga wa madukani mara nyingi unanukia mafuta ya taa. Alionja donge moja, akaona lina uchungu, akaonja jingine kuhakikisha. Tulipomwangalia vizuri jasho lilikuwa linamtiririka na mate yamejaa mdomoni. Bwana Afya hakungoja. Vijana waliibeba pikipiki wakaigeuza, Mama Yakobo akafungwa kwa khanga mgongoni mwa Bwana Afya, wakaondoka kwenda hospitali. Nilibaki uani na watoto wake. Yakobo, mkubwa wao, alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Sitawaambia habari za kungojea, kwa sababu sizikumbuki vizuri. Nakumbuka nilikaa chini, na Mzee Safari alikuja akakaa karibu yangu, naye safari hii hakuomba kwa sauti. Bwana Afya aliporudi jua limelala, alisimama mbele yetu akavua kofia, na moyo wangu ukasimama kabisa. Akasema, "Anaongea. Wamemwekea dripu. Anauliza watoto wamekula nini." Asante Yesu! Asante Yesu! Watu walipiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia.

Duka langu alilifunga. Ndiyo, alilifunga, msidhani ushuhuda huu una sukari tupu. Unga, sukari, chumvi, vyote vilichimbiwa shimo mbele ya senta nzima. Bwana Afya akanieleza kila kinachotakiwa, akaandika, akaondoka. Tulikaa msimu mzima bila duka, na hatukulala njaa. Majirani wa duara lile lile walituletea mahindi na maharage. Mama mkwe wangu alikataa kula mpaka Mama Yakobo mwenyewe alipokuja kumwambia, "Mama, mimi mzima, kula." Na Bwana Afya alirudi, akamulika na tochi yake, akazima tochi, akanipa kibali. Leo nikisikia ile pikipiki nafungua mlango wa pili ili mwanga uingie vizuri.

Wewe uliyejifungia leo, kwa jambo lolote, umekaa gizani unasikiliza hatua za nje, nakuomba kwa jina la Yesu, fungua. Toka barabarani kama nilivyotoka. Huenda yule unayemkimbia ndiye Mungu amemtuma na usafiri wako. Mtegemee Mungu. Hakuniondolea gharama, lakini hakuniacha nizike mtoto wa mtu.

Siku nilipofungua duka upya, watu walikuja, walisalimia, walinunua sabuni, walinunua viberiti. Unga hakuna aliyegusa. Nilielewa, sikulaumu. Mpaka mchana akaja Mama Yakobo na debe lake, amewashika watoto wake mkononi. Akaliweka dirishani, akasema kwa nguvu senta nzima isikie, "Nipimie unga, Mama Rebeka. Lijaze."

Nililijaza, ndugu zangu, huku nalia. Jina la Bwana libarikiwe.